Msawada wa Mchoraji

Ndugu msomaji, mtu akiisifu nyumba husifu chokaa yake na mlango wake wa nakshi, akausahau msingi uliofukiwa chini. Ndivyo tuzifanyiavyo picha za wachoraji wakubwa: twatazama rangi, wala hatuulizi kazi ilianzia wapi.

Hebu tumtazame Hans Holbein, mchoraji wa Kijerumani aliyekwenda Uingereza mwaka 1526. Huko alikaribishwa na Thomas More, mtu wa elimu na cheo, akatakiwa achore picha kubwa ya jamaa yake. Holbein hakuikimbilia rangi. Kwanza alichora vichwa vyao kimoja kimoja kwa chaki juu ya karatasi, na vingi katika hivyo vimehifadhiwa Windsor hata leo. Mchoro mmoja wa More umetobolewa vitundu kwa sindano kufuata mistari ya uso. Katika vitundu hivyo hupitishwa vumbi la makaa, na sura ikahamia ubaoni bila kupotea.

Kisha aliupanga mkusanyiko wote kwa wino. Hapa ndipo penye funzo. Bibi Alice, mkewe More, amechorwa amepiga magoti pembeni. Karibu naye Holbein ameandika kwa Kijerumani kwamba huyu aketi. Penginepo ameandika kuwa vinanda viwekwe juu ya rafu. Hakuona haya kuandika juu ya kazi ya mkono wake kwamba yataka kubadilishwa.

Mwaka 1528 alirejea Basel na mchoro ule, ukamfikia Erasmus, rafiki wa More. More mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kula kiapo cha mfalme. Picha kubwa iliteketea kwa moto mwaka 1752 huko Kroměříž, katika nchi iitwayo leo Cheki. Msawada ungalipo Basel. Kilichopambwa kimekwenda, kilichosahihishwa kimebaki, nacho ndicho kituonyeshacho mkono wa fundi ukifikiri.

Basi wewe mwalimu, usimwaibishe mwanafunzi kwa daftari lililojaa mafuto. Tazama kwanza amefuta nini, na badala yake ameweka nini. Huenda hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Nawe kijana, usiuchane msawada wako kwa kuuonea aibu. Kosa lililoonekana karatasini halifiki ukutani.