Unatoka Nairobi na Ndai ya Stima? Hii Ndiyo Kebo Unafaa Kubeba

Gari za stima si story za majuu tena. Nissan Leaf za kutoka Japani ziko kwa barabara zetu, za Uchina zinazidi kuingia, na pengine wewe pia umeshaachana na mambo ya petroli. Ukiwa mtaani life ni rahisi. Unachomeka usiku kwa ploti, asubuhi betri imejaa, unaenda zako mboka.

Noma inaanza siku fom ni kutoka. Disemba inafika, unataka kuenda shags, Nakuru ama Mombasa. Hapo ndipo utajua kebo iliyo kwa buti inaweza kukufikisha, ama ikuache ukihesabu malori Mtito Andei saa nane ya usiku. Mbaya zaidi, ukibeba kebo mbovu unaweza kuchomea shosho nyumba. So kabla utoe pesa, soma hii.

1. Jua mdomo wa gari yako

Fungua kile kifuniko cha kuchajia uhesabu matundu. Type 1 ni mviringo na ina matundu matano. Hiyo utaipata kwa Leaf nyingi za Japani. Type 2 ina matundu saba na upande mmoja wa juu umenyooka. Hiyo ni ya gari zilizotengenezewa Uingereza na Ulaya.

Kuna mtego kwa gari zilizotengenezewa soko la Uchina. Plagi yao inaitwa GB/T, na kwa macho inafanana sana na Type 2. Lakini pini na matundu yamegeuzwa, kwa hivyo haziingiani. Usinunue kebo kwa kuangalia picha peke yake. Beba picha ya mdomo wa gari yako, ama uende dukani na gari yenyewe.

2. Kebo ziko za aina mbili

Ya kwanza ni ile ya soketi ya kawaida. Upande mmoja ina plagi ya pini tatu, katikati kuna kiboksi chenye taa, na upande mwingine unaingia kwa gari. Hii ndiyo ya dharura, ya kuchaji popote kuna stima.

Ya pili haina kiboksi. Inatoka kwa mlingoti wa chaja hadi kwa gari yako. Milingoti mingi ya aina hii ina soketi ya Type 2 tu, haina kebo yake. Ukifika bila yako, utaiangalia tu. Kama gari yako ni Type 1, unataka kebo ya Type 2 upande mmoja na Type 1 upande mwingine.

Chaja za kasi, zile za DC, huja na kebo imefungwa kwa mashine. Hapo hubebi kitu, lakini lazima mdomo ulingane. Leaf inatumia CHAdeMO, gari za Ulaya CCS2. Ukifika na CHAdeMO na mashine iko na CCS2 peke yake, hapo umekwama.

3. Piga hesabu ya masaa

Chukua volti uzidishe na ampea. Kenya tuko volti 240. Kebo ya soketi ikivuta ampea 10, hiyo ni wati 2,400, yaani kilowati 2.4.

Wacha tuseme una Leaf ya betri ya 40 kWh na imebaki asilimia 20. Unahitaji 32 kWh, na nyingine kidogo inapotea njiani kama joto. Kwa soketi ya ukuta hiyo ni kama masaa 15. Ukiingia saa mbili usiku, utatoka kesho yake karibu saa tano mchana. Plani safari ukijua hivyo.

Kwa mlingoti, kebo ya ampea 32 inaweza kupitisha karibu kilowati 7.7, na ile ya ampea 16 nusu yake. Lakini gari ndiyo inaamua itameza ngapi. Kama chaja ya ndani ya gari yako ni kilowati 3.3, hata ukinunua kebo nene kama mkono, mwendo ni ule ule. Kama ni 6.6, nunua ya ampea 32 na yale masaa 15 yanashuka hadi kama matano na nusu. Kebo ya fezi tatu ni nzito na ni ghali. Usiiguse kama gari yako haichaji fezi tatu.

4. Soma kibandiko, si story ya muuzaji

Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani ilitengenezewa stima ya huko, ya volti 100 ama 200. Geuza kile kiboksi usome. Unataka kuona volti 220 hadi 240, na 50 Hz. Kama haijaandikwa hivyo, usikubali fundi akate plagi akuwekee ya pini tatu akikuambia "hiyo itashika tu." Inaweza kushika leo, ilipuke kesho.

Pia hakikisha kiboksi kinaweza kupunguza ampea, kutoka 13 hadi 10, 8 ama 6. Hiyo swichi ndiyo itakusaidia ukifika shags.

5. Kwa shosho, nenda pole pole

Soketi ya pini tatu ni ya ampea 13, lakini haikuwekwa pale ivute mzigo mkubwa usiku mzima. Chuma nguo zinapigwa pasi nusu saa halafu inazimwa. Gari inavuta masaa kumi bila kupumzika. Kama waya za nyumba ni nyembamba ama soketi imelegea, joto linajengeka polepole ndani ya ukuta wakati nyinyi mmelala.

Kwa hivyo anza na ampea 6 ama 8. Baada ya nusu saa, shika plagi. Ikiwa na joto kidogo, sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, ama unasikia harufu ya plastiki, zima kwa ukuta na uchomoe. Ampea 6 kwa masaa 10 inavuta kama 14 kWh, na kwa Leaf hiyo inaweza kukupa karibu kilomita 70. Si haba.

Ekstensheni za kawaida achana nazo. Ile ya kuviringishwa ndiyo mbaya zaidi, inaweza kuyeyuka ikiwa imejikunja. Ni afadhali kununua kebo ya mita 7 hadi 10 kuliko ya mita 5 halafu uanze kuunganisha.

Taa nyekundu ikiwaka, mara nyingi kiboksi kinakuambia nyumba haina arthi. Usitafute mtu wa kuidanganya. Arthi ndiyo inakulinda wewe na watoto wanaoshika hiyo gari.

Halafu kuna mambo ya tokeni. Kujaza hiyo Leaf kutakula yuniti zaidi ya 32 kwa mita ya mwenyewe. Omba kwanza, na ununue tokeni kabla ya kuchomeka. Usimwachie shosho giza.

6. Piga simu kabla ya kutoka

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kushuka ni rahisi, kurudi ni kupanda kutoka baharini hadi karibu mita 1,800, na betri italisikia. Uliza kila kituo maswali matatu: plagi ni gani, kebo ni yao ama yangu, na usiku kuna mtu? Kisha weka mpango wa pili karibu na hapo.

Kwa kifupi, buti iwe na kebo ya soketi ya volti 240 yenye kupunguza ampea, na kebo ya mlingoti inayolingana na mdomo wako. Zijaribu zote mbili nyumbani wiki moja kabla. Kama kuna moja inasumbua, afadhali ujue ukiwa Nairobi kuliko ukiwa Voi.