Pete ya Askofu na Kito Chake

Askofu ajapo kuwawekea watoto wetu mikono, macho ya wengi huenda kwenye kidole cha mkono wake wa kuume, palipo pete ya dhahabu yenye kito cha rangi ya zambarau. Wengine hudhani ni pambo tu la mtu mkubwa, kama wavaavyo watu wa pwani pete zao za fedha zenye akiki au feruzi. Wengine, wakikumbuka maneno ya Yakobo juu ya mtu aingiaye penye kusanyiko na pete ya dhahabu, huona shaka. Si vibaya kuona shaka. Lakini pete hii ina habari ndefu, na katika habari hiyo vita vilipiganwa na damu ikamwagika. Yafaa tuijue.

Zamani pete ilikuwa mhuri. Farao alipomfanya Yusufu kuwa mkuu wa nchi alimvika pete yake mwenyewe, maana aliye na pete ya mfalme ana neno la mfalme. Wakristo wa kwanza nao walitia mhuri barua zao na mali yao. Clement wa Aleksandria, aliyefundisha yapata mwaka 200, aliwaruhusu kuvaa pete moja kwa kazi hiyo, akawachagulia na picha za kuchora juu yake: njiwa, samaki, merikebu, nanga. Sanamu za miungu aliwakataza. Upanga na upinde pia, kwa kuwa wao ni watu wa amani.

Ni lini basi pete ikawa alama ya askofu? Mwaka 633 maaskofu wa Hispania walikutana katika mji wa Toledo, mkuu wao akiwa Isidore wa Sevilla. Waliamuru kwamba askofu aliyeondolewa kwa hukumu isiyo ya haki, akirudishwa, arudishiwe mbele ya madhabahu stola yake, pete yake na fimbo yake. Twaona hapo kwamba desturi ilikwisha kuwa imara. Mtu harudishiwi kitu asichokuwa nacho. Waalimu wa Kanisa waliieleza maana yake kwa njia mbili. Kwanza ni mhuri, kwa kuwa askofu huzitunza siri za Mungu. Pili ni pete ya arusi, kwa kuwa askofu huambatana na Kanisa lake kama mume na mkewe. Maana hii ya pili ndiyo iliyokaa mioyoni mwa watu, na ndiyo iliyoleta ugomvi.

Katika Ulaya ya siku zile askofu alikuwa pia bwana wa mashamba makubwa, wa ngome na askari. Wafalme hawakutaka kiti cha namna hiyo kikaliwe na mtu wasiyemchagua. Basi askofu akifa, pete yake na fimbo yake zilipelekwa kwa mfalme, na mfalme akampa mtu amtakaye kwa mkono wake, akimwambia apokee kanisa. Mara nyingine aliyepewa ndiye aliyetoa fedha nyingi zaidi. Fikiri, msomaji: ikiwa pete ni ya arusi, ni nani huyu amwozaye Bibi-arusi wa Kristo kama mtu auzaye ng'ombe mnadani?

Papa Gregory VII aliona jambo hilo haliwezi kuvumiliwa. Mwaka 1075 Henry IV, mfalme wa Ujerumani, alimweka mtu wake kuwa askofu mkuu wa Milano bila kumwuliza. Mwaka uliofuata mfalme na maaskofu wake wakatangaza kwamba Gregory si Papa tena, na Gregory akamtenga mfalme na Kanisa. Wakuu wa Ujerumani wakaanza kumwacha. Hata Januari 1077 Henry akavuka milima katika theluji, akasimama siku tatu nje ya ngome ya Canossa akiomba kusamehewa. Alisamehewa, lakini amani haikudumu. Nchi ya Ujerumani iliingia katika vita, na Gregory mwenyewe alikufa uhamishoni mwaka 1085.

Mwanawe, Henry V, alifanya vibaya zaidi. Mwaka 1111 alimkamata Papa Paschal II huko Roma, akamweka kifungoni mpaka akakubali kwa maandishi kwamba mfalme atatoa pete na fimbo. Mwaka 1112 mkutano wa maaskofu ulitangaza kwamba maandishi yale ni bure, kwa kuwa yalipatikana kwa nguvu. Uingereza walikuwa wamekwisha kupata njia iliyo bora: mwaka 1107 Mfalme Henry I na Askofu Mkuu Anselm walipatana kwamba mfalme asitoe pete wala fimbo, ila askofu amwahidi utii kwa ajili ya ardhi aliyo nayo. Ndipo mwaka 1122, katika mji wa Worms, Kaisari na Papa Callixtus II wakafuata mfano uo huo. Kaisari aliacha kabisa kutoa pete na fimbo. Akabakiwa na fimbo ya enzi, ambayo kwayo alimpa askofu mashamba na haki za dunia. Mtu aweza kusema ni kubadili alama tu. Mimi naona sivyo. Wenye kupatana waliweza kutenga mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, wakaitambua pete kuwa si mali ya serikali.

Sasa habari za kito. Kwa muda mrefu yakuti samawi ndiyo iliyopendwa, kwa rangi yake ya mbingu. Marbod, askofu wa Rennes katika Ufaransa tangu 1096, alitunga mashairi marefu juu ya mawe ya thamani, akaisifu mno. Kaburi la Walter de Gray, askofu mkuu wa York aliyekufa 1255, lilipofunguliwa mwaka 1968, pete yake ilionekana ina yakuti samawi. Papa Innocent III, kama Roger wa Wendover alivyoandika katika tarehe zake, alimpelekea Mfalme John wa Uingereza pete nne pamoja na maelezo: zumaridi kwa imani, yakuti samawi kwa tumaini, garneti nyekundu kwa upendo, na yakuti ya manjano kwa matendo mema. Mfalme yule, kama ajuavyo kila asomaye historia, hakuyatia moyoni sana.

Lakini si kila mmoja alichagua kwa mafundisho kama hayo. Mwaka 1890 huko Canterbury walifungua kaburi la Askofu Mkuu Hubert Walter, aliyekufa 1205. Walikuta kidoleni pete ya dhahabu yenye jiwe la kijani, na juu yake imechorwa picha ya nyoka, aitwaye Chnuphis, hirizi ya wapagani wa zamani! Bila shaka lilipendeza kwa uzuri na ukale wake. Clement hangefurahi.

Kito cha zambarau tukionacho leo ni amethisto. Kimo katika kifuko cha kifuani cha Haruni, na katika Ufunuo ndicho msingi wa kumi na mbili wa Yerusalemu mpya. Jina lake ni la Kiyunani, maana yake "asiyelewa". Wapagani walidhani avaaye kito hiki halewi. Pliny Mrumi aliwacheka waliosema hivyo. Wakristo walishika jina wakaacha uganga: mchungaji awe na kiasi, wala asilewe mvinyo wala cheo. Zamani kilikuwa adimu na ghali, lakini katika karne ya 19 kilipatikana kwa wingi Brazil, na bei ikaanguka. Hata jimbo maskini laweza kumpatia askofu wake. Anunuaye na aangalie, kwa maana kioo cha rangi kinafanana nacho sana; ila amethisto ya kweli hukwaruza kioo. Tena kisianikwe juani siku nyingi, rangi hufifia.

Zamani askofu alivaa pete juu ya mfuko wa mkono, na kwa hiyo ilifanywa kubwa. Akivua mfuko, pete ya pili ndogo iliizuia isianguke. Maaskofu wa Mashariki, Waorthodoksi, kwa kawaida hawavai pete kabisa. Uingereza baada ya Matengenezo iliachwa na wengi, ikarudi katika karne ya 19.

Mwaka 1965, mkutano wa Vatikano ulipokuwa ukimalizika, Papa Paulo VI aliwapa maaskofu pete za dhahabu zisizo na kito, zenye sura ya Kristo na mitume Petro na Paulo. Machi 24, 1966, Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikuwa Roma, na walipokuwa wakiagana nje ya kanisa la Mtakatifu Paulo, Papa alivua pete yake mwenyewe, aliyopewa na watu wa Milano alipokuwa askofu wao, akamvika Ramsey kidoleni. Ramsey alilia machozi. Aliivaa hata alipokufa mwaka 1988, na baadaye maaskofu wakuu wa Canterbury wameivaa waendapo Roma kuonana na Papa.