Neno "Asili" na Dawa za Waliokoma Hedhi

Mama wa Mlingotini aliyekoma hedhi, akisumbuliwa na joto la ghafla usiku, huenda akashauriwa: "Tafuta dawa ya asili, haina madhara." Kauli hiyo tuipime kwa historia.

Mwaka 1942 ilianza kuuzwa Marekani dawa ya homoni za kike iitwayo Premarin. Ilikuwa ya asili hasa: ilitolewa katika mkojo wa farasi majike wenye mimba. Hapo Muislamu hana budi kuwauliza wanazuoni.

Miaka hiyohiyo Russell Marker, mkemia wa Kimarekani, alitengeneza projesteroni kutokana na kiazi cha porini cha Mexico. Hata mkonge, ulioletwa pwani ya Tanga mwaka 1893, maji yake yalitumiwa na Waingereza katika miaka ya 1950 kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Lakini mwili hauwezi kugeuza kiazi kuwa homoni. Kazi hiyo ni ya maabara. Basi "asili" hiyo nayo imepitia kiwandani.

Mwaka 2002, huko Marekani, jaribio kubwa la homoni za farasi pamoja na projestini ya kiwandani lilisimamishwa, kwa kuwa saratani ya matiti na kiharusi viliongezeka. Baadaye ilidhihirika kuwa hatari hutegemea umri, aina na kipimo.

Mwili ni amana. Tusimpe mama jina zuri badala ya ukweli. Aende kwa daktari, aulize: dawa hii ni nini, imetoka wapi, na niitumie kwa muda gani?