Barua pepe iliyofutwa huendelea kukaa ndani ya kompyuta

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huamini kwamba barua pepe ikishafutwa imetoweka. Imani hiyo huwaponza hasa wanapouza mashine zao kuukuu, huku barua za benki, mikataba na majibu ya hospitali vikiwa bado vimo ndani.

Mfano ni Thunderbird, programu ya Mozilla ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Kubonyeza kitufe cha Delete huihamishia barua kwenye folda ya taka, nayo hukaa humo hadi mwenyewe aimwage. Kubonyeza Shift na Delete kwa pamoja huiruka hatua hiyo. Hata hivyo, kwa kawaida programu hii hutunza barua zote za folda moja katika faili moja refu. Barua iliyofutwa huwekewa alama tu na kufichwa, maneno yake yakibaki palepale. Huondoka pale mtumiaji anapoibofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Compact, ambapo faili huandikwa upya bila barua hizo. Programu hufanya hivyo yenyewe pia, lakini husubiri mpaka nafasi inayopotea iwe kubwa. Anayezihitaji baadhi ya barua azinakili mapema, kwani baada ya hapo kuzirejesha ni kazi ngumu.

Seva ni habari nyingine. Kwa njia ya POP, nakala hubaki kwa mtoa huduma iwapo programu imeamriwa kuziacha huko. Kwa IMAP, kufuta kwenye kompyuta kwa kawaida hufuta na kwenye seva, ingawa Gmail hutunza taka zake kwa siku 30.

Ofisi nazo huwa na nakala za akiba, ambazo mfanyakazi hana mamlaka nazo. Novemba 1986, kashfa ya Iran-Contra ilipofichuka nchini Marekani, John Poindexter na Oliver North walifuta maelfu ya ujumbe katika mtandao wa Ikulu. Nakala za akiba zilisalia, na mwaka 1987 Tume ya Tower ikazitumia katika uchunguzi wake.

Kwa muuzaji wa kompyuta, hata Compact haitoshi, kwa kuwa mabaki ya faili la awali huweza kusalia kwenye diski. Njia ya hakika ni kuisafisha diski nzima kwa programu maalumu, au kuing'oa na kubaki nayo.