Mzigo wa mama mdogo na fomula iliyopotea

Ukimya mnisamehe, zamu za usiku zimenibana. Mama mdogo aliniuliza kwa nini katoni zake 10 zilipigiwa CBM 2 wakati yeye kwa futikamba yake alipata 1.3. Nilimwahidi nitaandika, na leo nipo off.

Ofisi iliyosafirisha mzigo (jina naliweka kapuni) iko Guangyuan Xilu, nyuma ya stesheni kuu ya treni hapa Guangzhou, kule Waafrika wanakonunua nguo za jumla. Nikiwa na nafasi huwa nakwenda kuwasaidia kutafsiri. Unaingiza vipimo vya katoni, kompyuta inatoa CBM na bei. Fomula yenyewe imeandikwa ndani ya kanzidata, pamoja na majina ya wateja na madeni yao. Mwenye ofisi aliapa hajapandisha bei, na kweli bei ilikuwa ileile. Ila kuna mtu aliigusa fomula. Nani, lini? Kimya.

Sisi manesi tukikosea kwenye faili la mgonjwa hatufuti. Tunapiga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, tunaandika lililo sawa, tarehe na sahihi. Nikadhani watu wa kompyuta hawana utaratibu huo. Kumbe wanao tangu zamani! Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, alianza programu ya SCCS, iliyotunza kila badiliko pamoja na aliyelifanya na tarehe. Walter Tichy akaleta RCS mwaka 1982, ikafuata CVS ya Mholanzi Dick Grune, halafu mwaka 2005 Linus Torvalds akatengeneza Git, baada ya wenzake wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu nyingine, BitKeeper.

Tatizo ni kwamba zote hizo zinalinda mafaili. Kanzidata zilishika njia yake. Sybase ilikuja mwaka 1987 na uwezo wa kuweka fomula ndani, Oracle ikafuata na toleo la 7 mwaka 1992. Sababu ilikuwa nzuri: fomula ikikaa karibu na data, kila programu inapiga hesabu moja. Lakini ukiiandika upya, mpya inakalia kiti cha zamani, na ya zamani haipo tena. Zana za kuandikisha mabadiliko ya kanzidata zilichelewa, kwa mfano Liquibase mwaka 2006 na Flyway mwaka 2010.

Pale ofisini kijana wa kompyuta alifungua nakala ya akiba, fomula ya zamani ikaonekana. Zamani walijumlisha katoni zote ndipo wakakadiria kwenda juu. Mpya inakadiria kila katoni peke yake: 0.13 inakuwa 0.2, mara 10, ndiyo hiyo 2 ya mama mdogo!

Sasa kila fomula ina faili lake ndani ya Git. Anayetaka kubadilisha anagusa faili, anaandika sababu, halafu faili ndilo linaloingizwa kwenye kanzidata. Kugusa ndani moja kwa moja ni marufuku, na nywila zimepunguzwa.

Mama mdogo, tofauti utakatiwa kwenye mzigo ujao, mwenye ofisi kakubali mbele yangu. Aliyebadilisha hajajulikana mpaka leo, maana nakala ya akiba haiandiki jina la mtu.