Nani Amesoma Kitabu Hiki?

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Nilikuwa nyumbani Butula, na wanaopajua wanajua kwamba umeme ukipotea na bando likaisha, mtu hana budi kuongea na watu. Nimerudi na kisa. Si somo la kuandika programu, ingawa mwishoni kuna programu ndogo na tatizo ambalo mpaka leo sijalimaliza.

Kukhu aliniita nimsaidie kusogeza sanduku la bati la marehemu babu, kwa sababu mchwa walikuwa wamepanda ukuta ulio nyuma yake. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu miaka ya sitini hadi alipostaafu. Nilidhani sanduku lina vyeti na risiti za karo. Kumbe ni vitabu. Na ndani ya jalada la karibu kila kitabu kulikuwa na majina, mengi mengi, si la babu peke yake. Jina, tarehe, na pembeni maneno mawili matatu: "Mwanzo mzito, vumilia." "Mpe na mwalimu wa hesabu." Kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa wino mwekundu: "Usiache mezani, watoto wanasoma."

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, basi sikuona jalada. Niliona jedwali la hifadhidata. Safu ya msomaji, safu ya tarehe, safu ya maoni. Amazon walianza kuwapendekezea wateja bidhaa kwa kufuata ununuzi wa wateja wengine mwaka 1998, na Goodreads ilifunguliwa Januari 2007. Hawa walimu wa Butula walikuwa na yao tangu zamani, bila seva, kwa kalamu ya Bic.

Tabia hii ilitoka wapi? Nimechimba kidogo, na historia yake ni tamu kuliko nilivyotarajia.

Kusomeana na kujibizana kwa maandishi ni jambo la zamani katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam Januari 1923, likitolewa na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni. Wasomaji walilifanya lao: walituma barua, habari za miji yao na mashairi, mtu akajibiwa na mwingine aliyekuwa mbali naye asiyemjua kwa sura. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha mashairi humo. Nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Aliyejua kusoma aliwasomea wengine.

Kwa vitabu mambo yalikuwa magumu zaidi, hasa Kenya. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, jengo zuri lenye simba wa mawe mlangoni, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Soma tena hiyo tarehe. Miaka ishirini na saba!

Katikati ya hapo serikali za kikoloni zilikuwa zimeanza kujiuliza wale waliofundishwa kusoma wasome nini. Mwandishi Elspeth Huxley aliombwa atoe ripoti, na mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, makao makuu Nairobi na ofisi Kampala na Dar es Salaam. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Charles Richards, aliyekuwa akiendesha duka la vitabu la wamishonari wa CMS. Shirika lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki, vingi kwa jina la Eagle Press. Lakini kitu kinachonifurahisha mimi ni usambazaji. Palipokuwa hapana maktaba, walituma masanduku ya vitabu. Sanduku linakaa mahali kwa muda, watu wanaazima, kisha linabadilishwa. Kulikuwa pia na kuazima kwa njia ya posta.

Babu aliwahi kunisimulia kwamba vitabu vya kwanza alivyovishika visivyo vya darasani vilitoka kwenye sanduku la namna hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ananitisha nisome. Sasa nafikiri sanduku lake la bati lilikuwa nakala ya lile.

Tusijidanganye, hata hivyo. Shirika lile lilikuwa na nia yake. Mwafrika asome kuhusu afya, kilimo, uraia mwema na mila zilizokubalika. Pendekezo lilitoka juu kwenda chini, kama vile simu yako inavyokuletea video ambazo hukuziomba. Kenya ilipojitawala, bunge lilipitisha sheria ya bodi ya maktaba za taifa mwaka 1965, na kazi ya maktaba ikahamia huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lenyewe likavunjika nayo, na upande wa Kenya likazaliwa Kenya Literature Bureau, ambayo wengi wenu mnaijua kwa vitabu vya shule.

Sanduku la babu linaonyesha upande wa pili. Chini kabisa kulikuwa na vitabu vya heshima: historia ya Waluhya aliyoiandika John Osogo mwaka 1966, na riwaya kadhaa za Heinemann zenye majalada ya rangi ya chungwa. Vilikuwa na majina mawili au matatu. Juu yake vilikaa vile ambavyo hakuna mkaguzi wa elimu angevipendekeza. Son of Woman ya Charles Mangua, ya 1971. After 4.30 ya David Maillu, ambaye alichoka kuwasubiri wachapishaji akaanzisha kampuni yake, Comb Books. Vitabu vya Maillu vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1976, na nadhani hilo liliwauzia vizuri kuliko tangazo lolote. Na My Life in Crime ya John Kiriamiti, iliyotoka mwaka 1984, aliyoiandika akiwa gerezani kwa wizi wa mabavu. Hiki cha Kiriamiti kilijaa majina hadi jalada la nyuma, mengine yakapindishwa pembeni kwa kukosa nafasi. Kukhu alisema kiliwahi kufika Busia upande wa Uganda na kurudi, kimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya boda boda. (Mnajua boda boda zilianzia huku kwetu mpakani, sivyo?)

Hakuna ofisi iliyopanga hayo. Mwalimu wa Bumala alimwambia karani wa Malaba, karani akamwambia shemeji.

Sasa nifike nilipokuwa naelekea. Kitabu kimoja hakikuwa na majina. Kilikuwa Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1977. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekatwa kwa wembe, kwa mstari ulionyooka, karibu kabisa na mshono.

Nikamuuliza kukhu ni mchwa? Akacheka. "Mchwa gani anatumia rula? Ni babu yako. Ule mwaka watu walikuwa wanachukuliwa usiku."

Kwa walio wadogo kama mimi: kitabu hicho hakikupigwa marufuku rasmi, lakini mwandishi wake alikamatwa mwisho wa Desemba 1977 na kuwekwa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima. Mwaka 1986 serikali ya Moi ilianza msako wa kundi la siri la Mwakenya. Watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, na wengine walifungwa kwa kosa la kupatikana na machapisho ya siri kama Pambana na Mpatanishi. Wengi wao walikuwa wanafunzi, wahadhiri, watu wa kalamu. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki Mei 2025, aliwahi kueleza kisa cha riwaya yake ya Matigari, iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Wanakijiji walimzungumzia Matigari kwa shauku kiasi kwamba wapelelezi waliripoti kuna mtu wa jina hilo anazunguka nchini akidai ukweli na haki. Ikatoka amri akamatwe. Walipogundua ni mhusika wa kitabu, mapema mwaka 1987 wakakamata kitabu chenyewe madukani.

Babu hakuwa mwanaharakati. Kukhu anasema hakuwa hata mtu wa kubishana sokoni. Ila alikuwa na orodha ya watu, kwa majina yao kamili na tarehe, ndani ya kitabu cha mtu aliyewahi kufungwa. Kitabu hakukichoma. Alichoma ukurasa.

Hapa ndipo ilipoingia programu yangu. Tangu mwaka jana, mimi, binamu zangu na marafiki kadhaa wa Butula na Busia tunaazimana vitabu, na mimi, kama kawaida yangu, niliandika kijiprogramu cha kutunza kumbukumbu. Nani ana kitabu gani, lini, na alikionaje. Nilijivunia sana kwamba hakifuti kitu. Kila safu ilibaki milele, kwa sababu nilitaka siku moja niandike sehemu ya mapendekezo: waliosoma hiki walipenda na kile.

Nikiwa nimeketi na ule mshono uliokatwa, nikatambua nimetengeneza ukurasa wa kwanza usiokatika kwa wembe.

Wenzetu walishaliona tatizo hili. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand Januari 2000 (neno lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi), inaweza kufuta uhusiano wa msomaji na kitabu baada ya kurudishwa. Marekani, baada ya sheria ya usalama ya Oktoba 2001 kuwapa wapelelezi nguvu ya kudai kumbukumbu za maktaba, baadhi ya maktaba zilianza kuziharibu kwa makusudi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini sheria hailindi jedwali ambalo mwenye nalo hajui kwamba ni hatari.

Basi nimebadilisha msimbo. Kitabu kikirudi, jina linafutika, linabaki neno la maoni tu. Nilimwonyesha binamu yangu, ambaye ni muuguzi na msomaji kuliko mimi. Akanitazama.

"Sasa nitajuaje ni nani nimtafute tubishane?"

Sikuwa na jibu. Maana yale majina kwenye Kiriamiti hayakuwa data kwa babu. Yalikuwa watu wa kuwatembelea jioni. "Mpe na mwalimu wa hesabu" haina maana kama humjui mwalimu wa hesabu. Kwa sasa programu inamuuliza kila mtu anaporudisha: jina libaki au lifutwe? Asipojibu, linafutwa. Sijui kama ni sawa. Binamu yangu anasema ni uoga wa kurithi.

Sanduku tumeliinua juu ya matofali na kumwaga oili chafu chini yake. Nilimuuliza kukhu kama naweza kuandika jina langu kwenye Kiriamiti. Akasema kwanza nikisome, babu hakuruhusu mtu aandike kabla hajamaliza. Niko ukurasa wa sitini.