Mshale na Sikio: Vipimo vya Mafundi Redio katika Milima ya Upare

Historia ya redio nchini Tanzania imeandikwa zaidi kutoka upande wa studio, mitambo ya kurushia matangazo na sera za serikali, na kwa nadra sana imeandikwa kutoka kwenye meza ya fundi aliyeifungua redio iliyonyamaza na kuifanya iseme tena. Katika wilaya ya Mwanga, iliyomegwa kutoka iliyokuwa wilaya ya Pare mwaka 1979 na kuiacha Same upande wa kusini, meza hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu watu wa Usangi na Ugweno wanaishi kwenye safu ya milima inayofika mita 2,113 juu ya usawa wa bahari katika kilele cha Kindoroko, mahali ambapo kwa miaka mingi kipuri kilipaswa kufuatwa Moshi au Tanga. Ufundi huo unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kupitia vyombo vya kupimia umeme kuliko kupitia redio zenyewe, kwa kuwa redio zilibadilika karibu kila muongo, ilhali kipimo kizuri kiliweza kumtumikia fundi maisha yake yote na kurithiwa na mwanafunzi wake.

Upare wa Kaskazini ulijulikana kwa ufundi karne nyingi kabla ya umeme. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulifua chuma kilichotumiwa hadi kwa majirani wa Kilimanjaro, na simulizi zilizokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilichapishwa mwaka 1969, zinaeleza kwamba wahunzi hao walishika pia utawala mpaka walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Ni rahisi kumfanya fundi redio kuwa mrithi wa Washana, lakini urithi huo hauna mashiko, maana maarifa ya uhunzi yalilindwa ndani ya ukoo na kuzungushiwa miiko, wakati maarifa ya redio yalitoka ng'ambo na mara nyingi yalibandikwa wazi ndani ya kifuniko cha nyuma cha redio, yakiwa katika mchoro wa saketi ambao yeyote aliyejifunza alama zake aliweza kuufuata. Kinachowaunganisha ni hiki tu, kwamba mhunzi alikadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma, na fundi redio asiye na kipimo naye alitegemea hisi zake.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ukawekwa chini ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali iliuchukua na kuupa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilikuwa za valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo ndani yake waya unaopashwa moto hutoa mkondo mdogo unaoweza kudhibitiwa na kukuzwa. Valvu zilihitaji umeme wa aina mbili: wa volti chache kwa ajili ya kupasha waya moto, na wa volti nyingi, mara nyingi 90 katika redio za betri, kwa ajili ya kukuza sauti. Kwa mfano, redio ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini kuanzia mwaka 1949, maarufu kwa umbo lake la sufuria, iliuzwa pauni 5 bila betri, na betri yake ilidumu takribani saa 300. Katika nyumba ya mkulima wa kahawa wa Upare, kwa hiyo, betri ndiyo iliyokuwa gharama isiyokwisha, na swali la kwanza ambalo fundi alipaswa kulijibu halikuwa la redio kabisa, bali kama betri ingali na nguvu au imekwisha.

Swali hilo linajibiwa kwa kipimo, na kipimo kilichotawala sehemu za dunia zilizokuwa chini ya Uingereza kilikuwa avometa. Chombo hicho kilibuniwa na Donald Macadie, mhandisi wa idara ya posta na simu ya Uingereza aliyechoshwa na kubeba vipimo vingi tofauti kila alipokwenda kukagua saketi, naye akaunganisha katika kasha moja uwezo wa kupima ampea, volti na omu, yaani kiasi cha mkondo, nguvu inayousukuma na ukinzani unaouzuia. Kilianza kuuzwa mwaka 1923, na toleo lake mashuhuri zaidi, namba 8, lilitoka mwaka 1951, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilianza kutangaza. Ndani yake mna koili nyembamba iliyoning'inizwa katikati ya sumaku. Mkondo ukipita, koili huzunguka na kusogeza mshale juu ya uso wenye namba, na pembeni ya namba hizo umewekwa ukanda wa kioo ili msomaji ahakikishe kwamba anautazama mshale kutoka juu kabisa na si kutoka upande. Mkondo ukizidi, kitufe huruka na kukata saketi kabla koili haijaungua. Mtu aliyejifunza kazi peke yake alihitaji sana kinga hiyo, kwa kuwa kosa la kuchagua kipimo cha ampea badala ya volti hufanywa na kila anayeanza, na katika vipimo vya bei ndogo kosa hilo lilikuwa la mwisho.

Sifa ya pili ya avometa namba 8 inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyotenganisha kipimo cha kweli na kipimo cha kujifariji. Kila chombo cha mshale hula kiasi fulani cha mkondo wa saketi kinayoipima, na kikila kingi, volti zinashuka wakati uleule zinaposomwa, hivyo fundi huona upungufu ambao ameusababisha mwenyewe. Toleo namba 8 lilikuwa na ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti, wakati vipimo vingi vya mfukoni vya enzi hiyo vilikuwa na omu 1,000 au 2,000 tu, na tofauti hiyo ilionekana wazi katika ugonjwa uliozisumbua sana redio za valvu, yaani kuvuja kwa kapasita za karatasi. Kapasita ni kifaa kinachopitisha mawimbi ya sauti na kuzuia umeme wa betri. Karatasi yake ikinyonya unyevu, jambo la kutarajiwa milimani ambako ukungu hukaa hadi mchana, umeme hupenya kidogo kidogo hadi kwenye valvu ya mwisho, sauti inakwaruza, betri inakwisha upesi na hatimaye valvu yenyewe inaharibika. Uvujaji wa namna hiyo huonekana kama volti chache mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu, na kipimo chenye njaa ya mkondo huzimeza volti hizo zote, kikasoma sifuri na kumwacha fundi aweke valvu mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Avometa hata hivyo ilikuwa chombo cha ghali, na makao yake ya kawaida yalikuwa idara za simu, reli na umeme, pamoja na vyuo vya ufundi kama kile cha Moshi kilichoanzishwa katika miaka ya 1950. Nje ya taasisi hizo ufundi ulijengwa juu ya njia nyingine, ambazo hazistahili kudharauliwa. Fundi huweka ncha ya bisibisi kwenye kitufe cha sauti huku kidole chake kikigusa chuma cha bisibisi hiyo. Spika ikinguruma, anajua kwamba nusu ya pili ya redio, ile inayokuza sauti, ni nzima, na kwamba ugonjwa uko katika nusu inayonasa mawimbi. Kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea antena, akisikiliza mkwaruzo unaotokea kila anapogusa, mpaka afike mahali ambapo mkwaruzo haupo. Kwa msingi wake hii ni njia ileile ambayo maabara hutumia kwa jenereta ya mawimbi, yaani chombo kinachotoa mawimbi ya kiwango kinachojulikana, isipokuwa hapa mwili wa fundi ndio jenereta na sikio lake ndilo mshale.

Njia hiyo ina mpaka wake. Redio hubadilisha kila wimbi linalopokewa kuwa wimbi moja la kati, ambalo katika redio nyingi ni la takribani kilohezi 455, na koili zote za hatua hiyo zinapaswa kukubaliana kwa usahihi. Mtu akizizungusha ovyo, redio husikika kwa mbali au hupokea vituo viwili kwa pamoja. Bila jenereta, fundi hutumia kituo cha mbali ambacho mahali pake kwenye namba za redio panajulikana, akazungusha kila koili polepole hadi sauti ifike kileleni, na mwenye kipimo cha mshale huunganisha kipimo hicho ili aone kilele badala ya kukisikia. Kazi hiyo ilifanywa vizuri zaidi usiku, wakati masafa ya kati husafiri mbali.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilibadilisha kila kitu isipokuwa mshale. Katika miaka ya 1960 viwanda vya kuunganisha redio vilianzishwa nchini, cha Philips mjini Arusha na cha Matsushita mjini Dar es Salaam, ambacho kilitengeneza pia betri kavu ambazo wengi huziita mawe. Redio ya mawe manne au sita iliweza kufika mahali ambapo ile ya volti 90 haikufika, na serikali iliitumia fursa hiyo: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya takribani watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, jambo ambalo lisingewezekana bila maelfu ya redio zinazofanya kazi. Kwa fundi, transista ilileta mtego mpya. Kipimo cha mshale kinapopima ukinzani hutumia betri yake ya ndani, na katika aina nyingi waya mweusi ndio unaotoa chanya, kinyume cha rangi zake. Asiyelijua hilo huiona transista nzima kuwa mbovu na mbovu kuwa nzima. Zaidi ya hayo, kipimo cha juu cha ukinzani cha avometa hutumia volti 15, ambazo valvu haikuzijali kamwe lakini zinatosha kuua transista ndogo.

Inashangaza kwamba wakati huohuo wilaya ilikuwa inazalisha umeme. Mtambo wa Nyumba ya Mungu wenye uwezo wa megawati 8, uliojengwa kwenye mto Pangani chini ya milima, ulianza kazi mwaka 1968, lakini umeme wake ulikwenda kwenye gridi, na vijiji vingi viliendelea kusikiliza kwa mawe yaliyoanikwa juani ili yapate uhai wa siku mbili zaidi.

Kipindi kilichoupa ufundi huu sura yake kilianza mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya, ambao Mwanga inaugusa kwenye Ziwa Jipe, ukafungwa hadi mwaka 1983. Vita vya Kagera vilifuata, fedha za kigeni zikaadimika na vipuri vikawa adimu kuliko redio. Hapo ndipo kila fundi alipogeuka mkusanyaji. Masanduku ya redio zilizokufa yaliyojaa pembeni mwa vibanda, kwa macho ya mgeni, yanaweza kufanana na makusanyo ya wapenzi wa vyombo vya kale huko Ulaya na Marekani, wanaonunua avometa au oskiloskopu, yaani chombo kinachochora umbo la wimbi la umeme kwenye kioo, ili kuzirudisha katika hali ya siku ziliyotoka kiwandani. Nia ya mafundi ilikuwa tofauti kabisa. Redio iliyokufa ilihifadhiwa ili ifumuliwe, na kadiri ilivyokuwa ya zamani na imara ndivyo ilivyofumuliwa mapema, kwa sababu transfoma na koili zake zilikuwa bora. Kwa hiyo mafundi waliohifadhi maarifa ya redio za valvu ndio pia waliozimaliza redio hizo, na haifai kuwalaumu, maana chaguo lililokuwepo lilikuwa kati ya kitu kizima kisichosema na vitu vitatu vinavyosema.

Uhaba ulianza kulegea kwa bajeti ya mwaka 1984, iliyowasilishwa na waziri wa fedha Cleopa Msuya, mwenyeji wa Usangi, ambayo iliruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Redio kaseti zikafuata, kisha televisheni baada ya vituo binafsi vya Tanzania Bara kuanza mwaka 1994, kisha simu za mkononi, na pamoja nazo kikaja kipimo cha tarakimu kutoka China, chepesi na cha bei ndogo, ambacho kila kijana anayeanza kazi anaweza kukimudu.

Mshale haukuondoka kwa sababu ya kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kutafuta kilele wakati wa kusawazisha koili, ambapo jicho hufuata mwendo kwa urahisi kuliko namba zinazorukaruka. Ya pili ni kupima kapasita: mshale ukiruka kisha ukarudi polepole, kapasita ni nzima, ukibaki ulikoruka, inavuja, usipotikisika, imekatika ndani. Utengenezaji wa avometa namba 8 ulikoma mwaka 2008, na betri yake ya volti 15 si rahisi tena kupatikana, hivyo anayetaka kuirudisha kazini hupanga betri tano bapa za volti 3 ndani ya kipande cha bomba la plastiki, hulehemu ncha mbili za shaba, kisha hugusanisha waya mwekundu na mweusi na kuzungusha kirekebishi mpaka mshale ukae juu ya sifuri ya omu.